Nilisinzia nikitazama Blade Runner. Je, niirudie?

“Nikiwa na miaka 15 kaka yangu alileta kanda ya Blade Runner akaniambia ndiyo filamu bora ya kisayansi kuliko zote, tena anaigiza yule yule jamaa wa Star Wars. Nikakaa nikisubiri vita, nikaambulia mvua. Nakumbuka mtu anatembea gizani huku sauti yake ikieleza mambo ambayo tayari tunayaona, halafu mwishoni gari linapita kwenye milima ya kijani kana kwamba tumehamia filamu nyingine. Ilikuwa ndefu mno, karibu saa tatu, na maneno mengi sikuyasikia. Sasa nina miaka 43 na kaka bado ananicheka kwamba sikuielewa. Nataka kuirudia kwa moyo mweupe, lakini nina hofu mbili. Ya kwanza, kisa nakijua, sasa nitatazama nini? Ya pili, nikiipenda nitajuaje kwamba sijidanganyi, kwamba siipendi tu kwa sababu dunia nzima inaisifu? Niseme pia kwamba siku hizi filamu yoyote ikizidi nusu saa nashika simu au nasinzia. Huenda tatizo ni mimi.”

Ndugu yangu, kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu ile milima. Hukuota. Umeandika ukidhani unaeleza jinsi ulivyochoshwa, kumbe umenipa vidokezo viwili vinavyonitosha kujua kanda ile ilibeba nini: sauti ya mhusika mkuu inayosimulia, na gari kwenye mandhari ya kijani mwishoni. Hivyo viwili vilikuwa kwenye filamu kama ilivyotolewa katika kumbi za sinema mwaka 1982. Katika toleo la 1992 havimo, na katika lile la 2007 pia havimo, na haya mawili ndiyo yanayotazamwa zaidi na wanaoisifu leo. Kwa hiyo swali lako la kuirudia lina kasoro ndogo. Baadhi ya utakayoyaona hujawahi kuyaona.

Nikusimulie ilivyotokea, maana kisa chenyewe kinajibu nusu ya hofu zako. Mapema mwaka 1982 filamu ya Ridley Scott ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio huko Denver na Dallas. Watu wakatoka wamechanganyikiwa. Wenye fedha zao wakaingiwa na baridi. Wakamrudisha Harrison Ford studio asome maelezo ya kufafanua kinachoendelea, na wakaamua kwamba wapenzi wawili waondoke mjini kwa furaha. Tatizo ni kwamba picha za kuonyesha furaha hiyo hazikutosha. Zile za angani zikachukuliwa kwenye mabaki ya picha za helikopta zilizopigwa kwa ajili ya mwanzo wa The Shining, filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980. Ndiyo maana ulihisi umehamia filamu nyingine. Ulikuwa umehamia kweli. Kijana wa miaka 15, asiyejua chumba cha uhariri kikoje, aliuona mshono ambao studio ilitumaini hautaonekana.

Na ile sauti inayoeleza yanayoonekana? Hapo pia hukukosea. Chukua tukio ambalo hata wasioipenda filamu hii hulikumbuka: Roy Batty, yule mtu wa kutengenezwa anayechezwa na Rutger Hauer, amekaa juu ya paa kwenye mvua, muda wake wa kuishi unaisha. Anasema maneno machache kuhusu mambo aliyoyaona na yatakayopotea naye, kisha anainamisha kichwa. Hauer mwenyewe aliyapunguza maneno yale na kuyaongezea ya kwake kabla ya kupigwa picha. Katika toleo lako, kabla hujapumua, sauti ya Deckard, mhusika mkuu anayechezwa na Ford, inaingia kukueleza kwa nini pengine Batty alimwokoa, na kwamba huenda dakika zile aliupenda uhai kuliko wakati wowote. Ni kama mtu anayekueleza utani baada ya kuutoa. Katika toleo la 2007 hakuna anayesema kitu. Kuna uso wa Ford umelowa, na unabaki na swali lako mwenyewe. Waigizaji ni wale wale, kamera ni ile ile, na bado kazi unayopewa wewe mtazamaji imebadilika kabisa.

Kuna lingine kuhusu kanda. Filamu hii ilipigwa kwa umbo pana sana. Upana wa picha ni kama mara 2.4 ya kimo chake. Televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba, upana mara 1.33 tu ya kimo. Kanda nyingi za nyakati zile zilitatua tofauti hiyo kwa panga: zilikata pembeni hadi picha ijaze skrini. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba takriban asilimia 45 ya picha hutupwa. Katika filamu ya kupigana hasara hiyo inavumilika, maana wanaopigana wako katikati. Hapa mpiga picha, Jordan Cronenweth, aliujaza upande mmoja kwa mtu na upande wa pili kwa taa, moshi, dirisha, kivuli cha feni. Ukikata pembeni unabaki na mtu anayetembea gizani, na hivyo ndivyo ulivyoniandikia. Sauti nayo ilichanganywa kwa ajili ya ukumbi mzima, ikaja kuminywa kwenye spika moja ndogo iliyo chini ya skrini. Maneno lazima yamezwe na mvua.

Sasa nikurekebishe mahali ulipokosea. Filamu ile haina saa tatu. Ina dakika 117, pungufu ya saa mbili. Huenda umechanganya na ile iliyoifuata mwaka 2017, yenye dakika 163, lakini nadhani sababu ni ya kawaida zaidi. Mtu anayesubiri kitu kisichokuja huukodolea macho muda wenyewe, na muda ukikodolewa macho hurefuka. Kisha miaka 28 imepita, na kumbukumbu haikai ghalani kama gunia la mahindi likisubiri kufunguliwa. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alilionyesha hilo katika kitabu chake cha 1932: tunapokumbuka, tunajenga upya kwa vipande tulivyonavyo, na mapengo tunayaziba kwa kile tunachokiona kinafaa. Wewe ulihifadhi hukumu, “ilichosha”, na urefu ukajirekebisha ili ulingane na hukumu. (Filamu yenyewe, kama ujuavyo, inahusu watu wasioweza kuziamini kumbukumbu zao. Sisemi zaidi.)

Haya yote nimeyataja kwa ajili ya haki, lakini hayatoshi. Wapo waliotazama toleo lile lile la 1982, kwenye ukumbi mzuri, skrini nzima, na bado wakachukizwa. Mapato ya kumbi za Marekani hayakufikia gharama ya kuitengeneza, iliyokuwa takriban dola milioni 28. Kwa nini? Kwa sababu ile ile iliyokuponza wewe, na kaka yako ndiye aliyeitamka: “yule yule jamaa wa Star Wars.”

Jiweke mahali pa mtazamaji wa Juni 1982. Ford amekwisha kuwa Han Solo mara mbili, mwaka 1977 na 1980, na mwaka 1981 amekuwa Indiana Jones. Kila ukilipa kumwona, anachekesha, anakimbia, anashinda. Majuma mawili kabla, E.T. ya Steven Spielberg imeingia kwenye kumbi, na taifa zima limeamua kwamba viumbe wasio binadamu ni wa kukumbatiwa. Halafu tarehe 25 Juni inakuja hii, yenye mvua na mlevi mwenye bunduki. Siku hiyo hiyo ilitoka The Thing ya John Carpenter, nayo ikapondwa vibaya, na leo inatajwa miongoni mwa filamu bora za kutisha. Sidhani kwamba watazamaji wa mwezi ule walikuwa wajinga. Walikuja na chupa ya soda wakamiminiwa kahawa chungu. Ulimi uliojiandaa kwa sukari hauionji kahawa. Unaonja kukosekana kwa sukari. Ndivyo matarajio yanavyofanya kazi. Akili hubashiri kinachokuja, kisha hupima tofauti kati ya ubashiri na kilichokuja. Tofauti ikiwa kubwa, nguvu zote huishia kwenye tofauti hiyo, na kitu chenyewe hakipati nafasi ya kuonwa.

Hebu ihesabu filamu kama filamu ya kupigana, uone inavyofeli. Mwindaji anapewa watu wa kutengenezwa wanne awaue. Anawaua wawili tu, wote wanawake, na mmoja kati yao anampiga risasi mgongoni wakati anakimbia akiwa amevaa koti la plastiki. Wa tatu anampiga yeye mpaka karibu amtoe macho, na anaokolewa na mwanamke mwingine. Wa nne anamvunja vidole, anamkimbiza kama paka na panya, kisha anamwokoa asianguke, na anakufa mwenyewe kwa sababu saa yake imefika. Hakuna hata pambano moja ambalo shujaa anashinda kwa namna ya kumfanya mtu apige makofi. Ukiwa na miaka 15 ukisubiri vita, huo ni utapeli. Lakini ukijiuliza kwa nini mwongozaji aliyeitengeneza Alien miaka mitatu tu kabla, mtu anayejua vizuri sana kumtia mtazamaji hofu, ameamua kumnyima shujaa wake kila ushindi, unaanza kuona kwamba aliyelipwa kuua ndiye mwenye baridi, na walioundwa kiwandani ndio wenye hasira, mapenzi na hofu ya kufa. Hilo ndilo analolisema, na analisema kwa kukunyima ulichokifuata.

Nami nina la kuungama hapa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa uhariri kwamba filamu ya kwanza ya Star Trek, ya mwaka 1979, ni mfano wa jinsi ya kutokata. Ile safari ya kuizunguka meli ya angani, dakika baada ya dakika, hakuna mtu anasema neno! Nilikuwa nikiipima kwa mizani ya Star Wars. Siku moja niliiweka nikiwa naumwa mafua, sina nguvu ya kudai chochote, na nikagundua kwamba tukio lile ni la aliyekuwa nahodha wa meli ile akikitazama kipenzi alichonyang’anywa. Kamera inakwenda polepole kwa sababu macho yake hayataki kuondoka. Bado naamini ningekata dakika moja hivi. Lakini sikuitumia tena kama mfano mbaya.

Kwa hiyo moyo mweupe, kwa maana ninayoitumia mimi, hauhusiani na kuisamehe filamu. Wengi hudhani ni kukaa kwa heshima, kutokunja uso, kuamua mapema kwamba kila kinachochosha lazima kina maana ya ndani. Huko ni kujilazimisha, na filamu haikusaidii kitu ukiifanyia adabu. Unachotakiwa kubadilisha ni swali tu. Mara ya kwanza uliuliza, “vita vinaanza lini?” Safari hii uliza, “huyu aliyeitengeneza ananifanya nitazame nini, na kwa nini anakawia hapo?” Ukilipata jibu na bado likakukera, hapo sasa umeikataa filamu yenyewe. Awali ulikataa kutokuwapo kwa nyingine.

Tuje kwenye hofu yako ya kwanza, kwamba kisa unakijua. Hii haina uzito mkubwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiwa wameambiwa mwisho mapema. Walioambiwa hawakufurahia kidogo kuliko wenzao. Kwa wastani walifurahia zaidi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na hadithi fupi si filamu, kwa hiyo usiende kuwaharibia wenzako mwisho wa kila kitu ukinitaja mimi. Lakini sababu inayowezekana inaeleweka: anayejua kinachofuata ameachiliwa kazi ya kubashiri, na macho yake yako huru.

Katika filamu hii uhuru huo una mengi ya kufanya. Fuata macho. Dakika za mwanzo kabisa kuna jicho limejaza skrini, na moto wa mji unaonekana ndani yake. Kipimo cha kumtambua mtu wa kutengenezwa ni mashine inayotazama jicho. Fundi mmoja kazi yake ni kutengeneza macho. Bundi wa tajiri anang’aa machoni, na ukikaa sawa utaona mng’ao ule ule, wa sekunde tu, machoni mwa watu fulani, na utaanza kuwashuku wengine. Fuata picha pia. Leon, mmoja wa wale wanne wanaowindwa, anahatarisha maisha kwa ajili ya picha za mnato. Rachael, yule mwanamke aliyemwokoa mwindaji, anatoa picha ya mama yake kama ushahidi kwamba alikuwa mtoto, na katika toleo unaloenda kulitazama, Deckard anapoishika, picha inatikisika kana kwamba ina upepo ndani yake. Sekunde chache. Mtu anayesubiri vita haioni kamwe, na simlaumu.

Hofu ya pili ina uzito, na nimefurahi umeiuliza. Ni kweli kwamba sifa za wengine huambukiza. Ni kweli pia kwamba kuzoea peke yake huzaa kupenda kidogo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilionyesha mwaka 1968 kwa maumbo na maneno yasiyo na maana yoyote, ambayo watu waliyapendelea zaidi kadiri walivyoyaona mara nyingi. Kama ni hivyo tu, basi filamu yoyote ukiirudia mara kumi utaipenda, na wewe na mimi tuache kazi ya kubishana. Lakini mwaka 2013 kundi la watafiti lilichapisha jaribio zuri. Waliwaonyesha wanafunzi mara kwa mara michoro ya Thomas Kinkade, mchoraji Mmarekani wa vibanda vyenye madirisha yanayong’aa, na michoro ya John Everett Millais, Mwingereza wa karne ya 19. Kadiri walivyoiona zaidi michoro ya Kinkade ndivyo walivyoipenda kidogo. Kwa Millais haikuwa hivyo. Ni jaribio moja, na mtu anaweza kubishana nalo, ila linalingana na ninayoyaona nikiwa na wanafunzi: kurudia hakupambi tu, kunaumbua pia. Ziko filamu nilizozipenda nikiwa kijana ambazo siku nilipozirudia zilibomoka mikononi mwangu kabla ya nusu.

Kipimo ninachokupa ni hiki. Ukimaliza, kabla hujasoma lolote na kabla hujampigia kaka, taja kitu kimoja kilichokugusa ambacho hukukisikia kwa mtu yeyote, wala kwangu. Sauti fulani, mkono wa mtu, namna mwanga ulivyoingia chumbani. Kama unacho, mapenzi ni yako. Kama kila unachokisifu ni “taswira”, “ilikuwa mbele ya wakati wake”, “maswali ya ubinadamu”, hayo umeazima. Yarudishe kwa wenyewe ukaseme tu kwamba haikukukaa.

Maana inawezekana isikukae. Filamu hii ina mapungufu ambayo hakuna toleo lililoyaondoa. Kisa chake ni chembamba. Uchunguzi wa kipelelezi hauna ugumu wowote wa maana. Mji umejaa maandishi na mavazi ya Asia, lakini Waasia wanaopewa la kusema wanahesabika kwa vidole. Na kuna tukio kati ya Deckard na Rachael nyumbani kwake, anapomzuia mlango na kumsukuma na kumtamkisha maneno ya mapenzi, ambalo muziki wa Vangelis unalipamba kama mahaba. Wakati ule wengi walilipita. Ukiwa na miaka 43 sidhani utalipita, na huna sababu ya kulitetea. Mtu anaweza kuiona filamu kuwa kubwa na wakati huo huo akakunja uso hapo. Mimi hukunja.

Utazame ipi, basi? Ningekuambia ya 2007, iitwayo The Final Cut, bila kusita sana. Ndiyo ambayo Scott mwenyewe aliisimamia hadi mwisho. Ile ya 1992 iliondoa sauti na milima na kuongeza ndoto fupi ya mnyama mwenye pembe moja, lakini ilikamilishwa kwa haraka baada ya nakala ya kazi, yaani ile ya kabla filamu haijakamilika, iliyoonyeshwa Los Angeles mwaka 1990 na 1991 kupokewa vizuri kuliko mtu alivyotegemea. Ya 2007 imesafisha hata makosa madogo: nyaya zilizoinua magari yanayoruka zimefutwa, yule mwanamke wa koti la plastiki, ambaye zamani ilionekana wazi kwamba anayevunja vioo ni mwigizaji wa kumwakilisha, sasa ana uso wake, na njiwa anayeruka mwishoni haruki tena kwenye anga la buluu lililotokea ghafla katikati ya usiku wa mvua. Kurudia toleo la 1982 kuna faida moja tu, kujua kama kilichobadilika ni filamu au ni wewe. Fanya hivyo baadaye, kama shauku itabaki. Ile ya 2017 iache kwa sasa. Na kitabu cha Philip K. Dick cha 1968 ilikotoka hadithi hii kina mambo yake mengine kabisa, kisome kwa ajili yake chenyewe. Mwandishi alifariki Machi 1982, miezi michache kabla filamu haijatoka.

Kuhusu televisheni yako: ingia kwenye mipangilio uzime kile kinacholainisha mwendo wa picha. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, na televisheni nyingi za sasa hubuni picha za katikati na kuzichomeka, hadi kila kitu kinafanana na taarifa ya habari. Zima taa. Weka spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, na uwashe maandishi ya mazungumzo, si aibu. Usiianze usiku baada ya kazi. Hii ni filamu ya giza, mvua na muziki wa polepole, na mwili uliochoka utaichukua kama wimbo wa kubembelezea mtoto.

Jiwekee na mahali pa kutokea. Kuna tukio Deckard anakaa peke yake mbele ya mashine, anaiamuru iingie ndani zaidi ya picha ya mnato, kushoto, nyuma, simama, mpaka kwenye kioo kilicho ndani ya picha anaona kitu kingine. Halina haraka hata kidogo, na ndiyo filamu nzima kwa ufupi: mtu anatazama. Ukifika hapo ukajikuta umesogea mbele kwenye kiti, endelea. Ukijikuta unatafuta rimoti, zima, ukalale, na usijisikie vibaya. Umeitendea haki kuliko wengi wanaoisifu.

Nimeliacha la simu na usingizi mwisho kwa sababu hapo filamu si mada tena. Kama ni simu tu, iache chumba kingine. Ikiwa mfukoni, huenda sehemu ya akili ikabaki inailinda. Wiki ya kwanza utahangaika kidogo, kisha utazoea. Lakini umeandika “huenda tatizo ni mimi”, na sitaki kulipita. Kama hata mambo mengine uliyoyapenda, muziki, watu, mpira, hayakupi raha tena, na hali imedumu zaidi ya majuma mawili, mwone daktari ana kwa ana umweleze hivyo hivyo. Huo unaweza kuwa msongo wa mawazo au sonona, na hakuna filamu itakayoutibu. Kama unasinzia kila ukikaa kimya, hata mchana, hata ukiwa kwenye usukani, na wa nyumbani wanasema unakoroma au pumzi inakatika usingizini, hilo nalo ni la hospitali, tena bila kuchelewa. Na kama siku hizi maneno yanakupotea si kwenye filamu tu bali hata mezani watu wakizungumza kwa pamoja, pima masikio.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, tafuta mtu wa kutazama naye. Klabu ya filamu ikiwapo karibu nawe, au chuo kinachoonyesha filamu za zamani kwenye skrini kubwa, nenda huko badala ya kochi. Mtazamaji wa pembeni akishusha pumzi mahali ambapo wewe hukuona kitu, unageuza shingo na kutafuta alichokiona.

Ama kaka yako, ambaye kwa miaka 28 anakucheka. Alitazama kanda ile ile, yenye sauti ile ile na picha iliyokatwa pembeni. Kabla hamjaketi pamoja, mwulize tu kama anajua ile milima ya mwisho ilitoka filamu gani.